MIGUU YETU: Hizi Dakika Mnazitoa Wapi?

 Mapaja yetu bado yanauma. Mwezi uliopita tuliahidi kuwaletea habari za mbio za tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, na wengi wenu mmekuwa mkitusimamisha njiani, kwenye foleni ya maji na hata mlangoni pa kanisa, mkiuliza swali moja tu: Fundi alishuka chini ya saa moja au hakushuka? Tutajibu, msiwe na wasiwasi. Lakini kabla ya kujibu inabidi tuanze na jambo la mwezi wa tatu, ambalo wakati ule hatukuliandika kwa sababu tuliona aibu.

Kwa familia zilizofika karibuni na hazijatuzoea: sisi ni watu watano tunaokimbia asubuhi, kabla foleni ya bomba haijawa ndefu. Yupo Mwalimu. Yupo Fundi wa baiskeli, mwenye miaka 51. Yupo mama tunayemwita Mama Sabuni kwa sababu ya biashara yake. Yupo kijana anayechaji simu za watu kwa sola, na yupo msichana wa miaka 17 ambaye hatumtaji jina kwa sababu koko wake, yaani bibi yake, amekataa. Ukurasa huu tunauandika kwa zamu, ndiyo maana siku zote tunasema "sisi", na makosa nayo ni ya sisi wote.

Barabara yetu mnaijua. Inaanzia uwanja wa mpira, inapita shuleni, inateremka kilomita mbili mpaka daraja la mbao, halafu inapanda kilima cha mnara wa simu kilomita nne mpaka juu kabisa sokoni. Pale penye mwembe unageuka na kurudi kwa njia ile ile. Maana yake, ukiwa umechoka kabisa, baada ya mteremko mrefu, bado unadaiwa ule mpando wa mwisho kutoka darajani hadi uwanjani. Huo ndio unaotuua.

Fundi aliipima mwenyewe. Alifunga kitambaa chekundu kwenye spoku ya baiskeli. Gurudumu lake likizunguka mara moja linakwenda mita 2 na sentimita 20. Mwalimu akatembea nyuma yake akihesabu, na kila mizunguko 100 akahamisha punje moja ya mahindi kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Mpaka kwenye mwembe zikatoka punje 27 na mizunguko 30, yaani kilomita 6 na mita 6. Kwenda na kurudi ni kilomita 12 na kidogo. Si kipimo cha Olimpiki, lakini ni chetu na hakibadiliki.

Na kutobadilika ndiyo habari yenyewe. Mtu akijisifu kwamba muda wake ni huu au ule, muulize kwanza: barabara ipi? Mwaka 2011 Mkenya Geoffrey Mutai alikimbia marathoni ya Boston, Marekani, kwa saa 2:03:02. Hakuna mtu duniani aliyekuwa amekimbia haraka hivyo. Rekodi ya dunia wakati ule ilikuwa 2:03:59 ya Haile Gebrselassie. Lakini hakupewa rekodi. Kwa nini? Kwa sababu barabara ile, pamoja na vilima vyake, mwisho wake uko chini kuliko mwanzo wake kwa karibu mita 140, wakati sheria inaruhusu mita moja tu kwa kila kilomita, yaani mita 42. Tena mwanzo na mwisho viko mbali mno, na siku hiyo upepo ulikuwa unawasukuma mgongoni. Basi, kama Mutai mwenyewe ameambiwa hivyo, sisi ni akina nani? Mwenye kukimbia milimani alinganishe muda wake wa mwaka huu na muda wake wa mwaka jana, kwenye mlima ule ule. Mengine ni maneno ya kijiweni.

Ndiyo maana tulikuwa na daftari. Kila mtu na ukurasa wake, na muda wake mzuri kuliko yote tuliuzungushia kalamu nyekundu. Fundi alianza na 1:03:20, mwaka jana akafika 1:01:48. Tusiwafiche, daftari hilo lilikuwa furaha yetu kubwa. Hapa kambini karibu kila namba ya mtu inaandikwa na mtu mwingine: namba ya kadi, ukubwa wa familia, kilo za mgao, tarehe ya kuitwa ofisini. Hii namba moja uliiandika wewe mwenyewe kwa miguu yako, na hakuna wa kukuambia urudi kesho.

Sasa mwezi wa tatu mgao ulipunguzwa, mnakumbuka. Watu wenye akili walipunguza na mengine yote. Sisi tukaongeza. Juni ilikuwa inakaribia, tukawa tunakimbia mara nne kwa wiki, na kila Alhamisi tunapanda kile kipande kikali cha mnara mara sita, kupanda na kushuka, kupanda na kushuka. Yule msichana alikuwa anakuja vizuri ajabu. Kutoka 1:09 alikuwa amefika 1:06:10, tukampigia makofi, tukamwambia mwezi wa sita atawashangaza watu wote. Alhamisi moja, mpando wa tano, akaketi kando ya barabara. Tukamwambia jikaze, kimebaki kimoja. Akalala chini.

Midomo ilikuwa imekuwa myeupe. Kijana wa simu akasimamisha boda, Mama Sabuni akampakata katikati, wakaenda kituo cha afya. Muuguzi hakuuliza habari za mbio. Aliuliza, "Jana umekula nini?" Alikuwa amekula mara moja, uji, kwa sababu nyumbani kuna wadogo zake watatu na yeye ndiye mkubwa. Alikuwa akifanya hivyo karibu wiki tatu. Sisi tuliokuwa tunajua muda wake mpaka sekunde ya mwisho, hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza swali lile la muuguzi.

Jioni Koko akaja kwa Mwalimu. Tulikuwa wote pale. Alikuja na kopo lake la kupimia unga, akakataa kiti.

"Mwalimu," akasema, "miye sikusoma. Mutoto ananiambia amepunguza dakika tatu. Ni muzuri. Sasa hizi dakika, munazitosha wapi?"

Mwalimu akainama akasema, "Tusamehe, Mama."

"Sikuje kuomba samahani. Nimeuliza swali."

Akaliweka kopo juu ya meza, akaondoka. Lile kopo lilikaa pale siku mbili, hakuna aliyethubutu kulirudisha.

Wapendwa wasomaji, swali la Koko lina jibu, na jibu lake linapimika. Mtu akikimbia kilomita moja barabara tambarare, mwili unatumia kama kalori moja kwa kila kilo ya uzito wake. Msichana wa kilo 48, kwa kilomita zetu 12, anatumia zaidi ya kalori 570, na vilima vinaongeza juu yake. Mgao kamili huwa unapangwa kwa kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Ukiwa nusu, ni 1,050. Kwa hiyo nyumba inayopata nusu mgao, mbio moja ya barabara yetu inakula zaidi ya nusu ya chakula cha siku cha yule anayekimbia, kabla hajachota maji, hajatafuta kuni, hajaenda shule. Unga wa mahindi gramu 100 una kama kalori 360. Mwalimu alichukua mizani ya dukani, akapima kopo la Koko likiwa limejaa: gramu 155. Hesabu ikamalizikia hapo hapo. Kila tulipompeleka yule mtoto mlimani tulikuwa tunachota kopo moja zima, na hatukuwa tumeuliza linatoka kwenye sufuria ya nani.

Baba mmoja alituandikia barua baadaye akasema kukimbia ni anasa ya walioshiba, na ukurasa huu ufungwe. Tuliisoma barua yake mara mbili. Katika miezi kama ile ya tatu na ya nne, nusu ya maneno yake ni kweli. Nusu nyingine hatukubaliani naye, kwa sababu kijana asiyekuwa na kitu cha kukimbilia asubuhi tunajua anakoishia jioni, na baba huyo naye anajua. Lakini tunamshukuru, na tunaandika hapa wazi: mama mjamzito, mama anayenyonyesha, na mtoto aliyeandikishwa kwenye lishe wasitafute muda mzuri kwenye mlima wakati chakula ni haba. Watembee, wacheze, inatosha. Na ninyi wazazi wenye wasichana wanaokimbia, msione haya kuuliza: kama siku zake za mwezi zimekata kwa miezi mitatu, kama ana maumivu kwenye mfupa wa muundi yasiyotulia hata akipumzika, kama anaona kizunguzungu akisimama, mwili unasema hauna cha kutumia. Apumzike, aonwe na muuguzi. Hapo usimwambie jikaze. Sisi tulishasema.

Basi tukakaa siku kadhaa bila kukimbia. Ndipo Fundi akasema, kama dakika haziwezi kutoka kwenye sahani, zitatoka mahali pengine. Na kwenye mlima kuna dakika nyingi zinazomwagwa bure.

Fundi ana hadithi yake ya Juma Ikangaa, aliyokuwa akiisikia redioni akiwa mvulana ng'ambo ya ziwa. Tumemsikia akiisimulia mara nyingi, lakini safari hii tulisikiliza. Ikangaa alikuwa mwanajeshi wa Tanzania, mtu mdogo wa umbo, na alikuwa hapendi kabisa kukimbia nyuma ya mtu. Boston ile ile tuliyoitaja alikuwa wa pili miaka mitatu mfululizo. Mwaka 1988 alishindwa na Mkenya Ibrahim Hussein kwa sekunde moja tu, 2:08:43 kwa 2:08:44. Kilomita 42 na zaidi, halafu sekunde moja! Mwaka 1989 akawa wa pili nyuma ya Mhabeshi Abebe Mekonnen. Mwaka 1990 akaamua kuondoka mapema. Barabara ya Boston inaanza kwa miteremko, yeye akaiteremka kwa kasi kali mno. Muitaliano Gelindo Bordin, bingwa wa Olimpiki wa Seoul, akabaki nyuma anamtazama tu. Baada ya kilomita 25 hivi vinaanza vilima vya mji wa Newton, cha mwisho kina jina lenye maana ya kuvunja moyo. Kwa urefu si kitu, mpando wake hata mita 30 haufiki, kilima chetu cha mnara kingekicheka. Lakini kinakukuta mapaja yameshaliwa na miteremko. Bordin akampita huko vilimani, akamaliza 2:08:19. Ikangaa 2:09:52.

Tusije tukamdharau. Kati ya zile Boston mbili za mwisho, Novemba 1989, alishinda New York, barabara ya madaraja ya kupanda na kushuka, kwa 2:08:01, na muda huo ulibaki rekodi ya mbio zile mpaka mwaka 2001. Tunachosema ni kwamba hata mtu wa namna hiyo, mteremko ulimkopesha halafu ukamdai.

Kijana wa simu naye akatukumbusha habari za Joshua Cheptegei. Mwaka 2017, mbio za nyika za dunia zilifanyika Kampala, uwanja wa Kololo, mbele ya watu wake mwenyewe. Aliwaacha wenzake, yuko peke yake mbele, watu wanashangilia, halafu kwenye mzunguko wa mwisho miguu ikakataa. Walimpita mmoja mmoja mpaka akamaliza wa 30. Miaka miwili baadaye, huko Aarhus, Denmaki, ambako njia ilipandishwa mpaka juu ya paa la nyasi la jumba la makumbusho, paa limeinama kama ubavu wa kilima, akashinda. Alikuwa yule yule.

Kwa hiyo tukabadilisha. Kwanza tulikwenda kwa Koko, wote watano, tukarudisha kopo. Akatupa masharti yake. Mutoto hatoki bila kula. Asiambiwe muda akiwa njiani. Akisema amechoka, ni yeye anajua. Na daftari likae kwake. Mwalimu alishtuka kidogo, akasema, "Mama, si umesema hukusoma?" Koko akajibu, "Ndiyo maana kwangu litakaa salama."

Tukapunguza mbio hadi mara mbili kwa wiki, moja ya polepole kabisa, ya kupiga hadithi. Ile ngumu tuliiweka karibu na siku baada ya mgao, si zile siku za mwisho ambazo kila nyumba inakung'uta gunia. Na badala ya kupanda mara sita tukawa tunapanda mara mbili tu, tukijifunza.

Tulijifunza nini? Kwamba mlima unapandwa kwa pumzi, saa iache mfukoni. Ukiwa mwanzo wa mpando wa kilomita nne na huwezi kumwambia mwenzako sentensi nzima, umeshakwenda haraka mno, hata kama unajisikia simba. Hatua ziwe fupi, macho yatazame mita chache mbele, usikitazame kile kimnara, maana hakisogei. Utakuwa polepole kuliko kawaida yako na wengine watakupita. Waache. Kinachopotea kwenye mpando kwa kujilazimisha hakirudi chote kwenye mteremko. Hapo wengi wanajidanganya, wanadhani kilima ni kama benki, unaweka upande huu unatoa upande ule.

Na mteremko wenyewe ndio tuliokuwa hatuujui. Tulidhani kushuka ni kupumzika. Kumbe unaposhuka, misuli ya mbele ya mapaja inafanya kazi ya breki, inavutwa huku inajikaza, na inapata michubuko midogo midogo ndani. Ndiyo maana maumivu ya kushuka hayaji siku ile, yanakuja kesho yake na keshokutwa, unashindwa hata kuchuchumaa chooni. Na ndiyo maana ule mpando wa mwisho wa kutoka darajani ulikuwa unatumaliza kila mwaka. Sababu ilikuwa nyuma yake, kwenye kilomita nne tulizoruka kama mbuzi. Mwalimu tunamwita Lori kwa sababu akishuka hana breki. Tulimfundisha: hatua fupi fupi, za haraka, magoti yalegee, mwili usilale nyuma. Alikubali kwa mdomo.

Wakati mmoja tulikuwa kwa Koko, kijana wa simu akasoma habari ya Rose Nathike Lokonyen, binti wa Sudan Kusini aliyekulia kambi ya Kakuma, Kenya. Mwaka 2016 alikwenda Rio na timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki, ndiye aliyebeba bendera, na alikimbia mita 800 kwa dakika 2 na sekunde 16.64. Akaendelea kufanya mazoezi. Mwaka 2021, Tokyo, akakimbia 2:11.87. Mara zote mbili hakuvuka hatua ya kwanza. Miaka mitano ya kazi, chini ya sekunde tano. Kijana alisoma kwa sauti ya kutetemeka kidogo, maana ameipenda sana habari ile. Koko alikuwa anachambua maharage. Akafikiri, akasema, "Huyo hana haraka." Tukacheka mpaka majirani wakaja kuangalia, lakini tulipotoka nje Mama Sabuni akasema, sawa, acheni kucheka, mama amesema kweli.

Haya, tarehe 20.

Ukungu ulikuwa bado umelala darajani. Zawadi mliziona zimepangwa mezani, majerikani, sabuni na mipira. Filimbi ilipolia vijana waliteremka kuelekea daraja kama wameibiwa kitu. Fundi alikuwa na agizo moja kutoka kwetu: mpaka darajani usimpite mtu. Alitii. Alifika darajani wa sitini na kitu, watu wengine wakamwonea huruma, "Mzee, pole, mzee." Baada ya kilomita moja ya mpando akaanza kuwakuta wale wale wameshika viuno. Aliwapita akizungumza. Hakuwa anajigamba, alikuwa anapima pumzi yake kwa kumsimulia kijana wa simu habari za mnyororo wa baiskeli. Kijana yeye alikuwa hajibu, kwa sababu asubuhi alikuwa amekula sambusa tatu za bure, na pale kwenye mwembe akaomba ruhusa, akaingia kichakani, akarudi kwa boda. Boda alilipa mwenyewe.

Kwenye mwembe Fundi alikuwa na dakika 31 na nusu. Akashuka kwa hatua zake fupi fupi. Mwalimu akampita kwenye mteremko mikono imetanda kama mwewe. Tukamwita, Lori, breki! Hakusikia. Tulimkuta kwenye mpando wa mwisho anatembea kando ya shimo la takataka, anazungumza peke yake. Alimaliza 1:07, zaidi ya dakika mbili nyuma ya muda wake wa mwaka jana, na siku tatu zilizofuata alifundisha ameketi. Mama Sabuni alisema hatafuti muda, anataka tu kuwahi kufungua kibanda. Akakimbia 1:12:05, sekunde 40 bora kuliko mwaka jana, akaenda kufungua kibanda.

Yule msichana alikimbia bila saa. Tulikubaliana hivyo, na kwa kweli ilituuma sisi kuliko yeye. Koko alikuwa amekaa kwenye kigogo pale mpando wa shule, na kikombe cha uji kimefunikwa na sahani. Msichana alipotokea chini darajani alikuwa na mama mmoja wa zoni ya jirani mbele yake, hatua kama ishirini. Alipanda kwa hatua ndogo, mdomo umefumba. Alipofika kwenye kigogo alimtazama Koko, Koko akamwonyesha kwa mkono, pita, pita. Akapita. Yule mama naye akapitwa karibu na goli la juu. Ilikuwa 1:05:02, zaidi ya dakika moja chini ya muda wake wa zamani, na hakujua.

Koko alikuja polepole na kikombe chake mpaka uwanjani. Hakuuliza muda. Akauliza, "Uko na kizunguzungu?"

"Hapana, Koko."

"Basi kunywa."

Alikunywa. Siku mbili baadaye Koko akalitoa daftari kutoka kwenye sanduku la nguo, akampa yeye mwenyewe kalamu nyekundu. Sisi tulisimama mlangoni, hatukusema neno.

Na Fundi? Alipofika shuleni alikuwa na zaidi kidogo ya dakika 58, na watoto wa darasa la tatu wakamkimbilia pembeni wakipiga kelele. Alipanda na kila kitu alichokuwa nacho. Sekunde zilizohesabiwa na watu watatu kwa simu tatu tofauti zilisema 1:00:11.

Alikaa chini muda mrefu. Halafu akainuka akasema barabara ina makosa, kwa sababu punje 27 na mizunguko 30 ni kilomita 6 na mita 6, kwa hiyo kwenda na kurudi alikimbia mita 12 zisizo zake. Mwalimu, akiwa amelala chali kwenye nyasi, akapiga hesabu: kwa mwendo ule mita 12 hazifiki hata sekunde nne, bado anadaiwa saba. Fundi akasema basi kitambaa kilikuwa kinateleza kwenye spoku, ipimwe upya. Tumekubali. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa 12 asubuhi, tunaanzia uwanjani, anayetaka kuhesabu nasi aje. Punje za mahindi ziko kwa Mwalimu, kama kuku wake hawajazila.